Mstari wa Chini Yake

Saa nne kasorobo asubuhi ya Jumatatu, karani wa majibu alibonyeza mahali pasipo na jina la mtu, na hakikufunguka kitu. Akabonyeza tena. Mbele ya dirisha lake alisimama mzee mmoja mwenye kofia, wa mwisho kwenye orodha ya asubuhi ile, kashika kikadi chake cha namba na kungoja aambiwe damu yake inasemaje. Karani akamtazama mzee, kisha akakitazama kioo cha kompyuta.

Jambo lenyewe ni dogo, na udogo wake ndio unaoudhi. Miezi minne nyuma hospitali ile ilipata vioo vipya vya kompyuta, vipana, vinavyong'aa, vya kisasa hata Mkuu wa hospitali akaita mpiga picha. Picha ilipendeza. Ila programu ya majibu ya maabara ilikuwa ya zamani, ya enzi za vioo vinene kama masanduku, na ilipowashwa kwenye kioo kipya maandishi yake yalisinyaa yakawa kama mayai ya chawa. Karani hakuwa kipofu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na miwani ya kusomea aliyopimiwa mwaka uleule. Hata wauguzi vijana waliinama, wakakodoa macho, wakashindwa.

Akaja fundi wa kompyuta, mwanamume mrefu mwembamba ambaye hata mkewe alimwita Waya. Akayakuza maandishi. Yakawa makubwa, yakasomeka vizuri, lakini sasa programu ikachanganyikiwa. Ukiweka mshale juu ya jina la mgonjwa na kubonyeza, lilifunguka jina la juu yake.

"Programu inadhani bado iko kwenye kioo cha zamani, mama," Waya alimweleza. "Wewe unaona mstari huu, yenyewe inahesabu mstari ule. We bonyeza wa chini yake tu. Ukimtaka huyu, bonyeza anayemfuata."

"Hivyo hivyo mpaka lini?"

"Nitakuja kuirekebisha nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana, na karani akazoea. Mwanzoni alihakikisha kila jina, maana ukishabonyeza kilitokea kisanduku kidogo chenye jina la mgonjwa aliyefunguka. Kisanduku hicho hakikukubali kukuzwa, kilibaki na maandishi yake ya mayai ya chawa. Mumewe ni fundi saa, akamwazima ile lenzi nyeusi anayoibana jichoni akifungua saa za mkononi. Karani akawa anaisogeza kwenye kioo, anasoma jina, kisha anachapa. Wauguzi wakampa jina la Bibi Darubini, naye akacheka pamoja nao. Mkuu hakucheka.

"Unatutia aibu," alimwambia mbele ya foleni nzima. "Tumetumia fedha zote hizi kwenye vifaa vya kisasa, halafu mgonjwa anamkuta karani anapapasa na kigololi. Nisikione tena."

Lenzi ikarudi nyumbani. Karani akabaki na mkono wake, na mkono ulikuwa hodari. Jicho likilenga jina, kidole kinashuka mstari mmoja chini chenyewe. Programu ile haikuchapa jina kwenye karatasi, ilichapa majibu matupu. Jina aliliandika yeye kwa kalamu, akilinakili kutoka kwenye kikadi cha mgonjwa aliyesimama mbele yake. Miezi minne hakukosea hata mara moja.

Jumatatu ile Waya alipata nafasi. Alifika alfajiri kabla ya mtu yeyote, akaweka programu iliyorekebishwa, akajaribu mara tatu, akaona mshale unafungua jina lilelile unalolilenga, akafurahi, akapanda pikipiki kwenda hospitali nyingine iliyokuwa inamngoja. Hakuacha hata kikaratasi.

Kwa hiyo kuanzia saa mbili asubuhi hiyo, kila mgonjwa aliyesimama dirishani alipewa majibu ya mtu aliyemfuata kwenye orodha. Mzee mwenye kofia alikuwa wa mwisho, na chini yake hapakuwa na mtu.

"Mama, kuna nini?" mzee aliuliza. "Ndiyo nimeshakufa?"

Karani akainuka. Alitoka nje ya chumba chake, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi, akasimama katikati ya ukumbi na kupaza sauti. "Wote mliochukua majibu asubuhi hii, rudisheni karatasi! Rudisheni, nimekosea!"

Walikuwa ishirini na tatu. Kumi na saba walikuwa bado kwenye mabenchi, watano wakapatikana kwa simu. Wa ishirini na tatu alikuwa fundi bomba mmoja, na simu yake ilikuwa imezimwa. Karatasi yake ilisema ni mzima kabisa, majibu ya mwalimu wa shule aliyemfuata kwenye orodha. Majibu yake mwenyewe, karani alipoyafungua, yalionyesha sukari iliyopanda kiasi ambacho mtu hulazwa palepale, hata nguo za kubadilisha hafuati.

*

Alimpigia simu mpaka kidole kikauma. Jumanne akaomba ruhusa, akaifuata anwani iliyokuwa kwenye faili: nyuma ya soko, mlango wa bluu. Milango ya bluu ilikuwa minne. Wa tatu ulifunguliwa na mwanamke aliyekuwa akifua, mapovu yamemfika kwenye viwiko.

"Hodi, dada. Hapa ndipo kwa fundi bomba?"

"Ndipo. Yuko kazini, kuna ghorofa wanavuta maji. Una bomba limepasuka?"

"Natoka hospitali. Majibu tuliyompa jana si yake. Anatakiwa arudi leo hii hii, asilale nyumbani."

Mwanamke akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua taratibu isije ikaloa. "Si hii hapa? Jina lake limeandikwa, na muhuri upo. Alirudi nayo anacheka, kanunua hadi soda."

Karani aliutambua mwandiko wake. Alikuwa ameliandika jina lile vizuri, kwa herufi za kutulia, na muhuri umekaa sawasawa. Jua lilikuwa linampiga usoni na machozi yanamtoka, akasimama pale mlangoni akipepesa macho.

"Imekosewa, dada," alisema mwishowe. "Nimeikosea mimi. Tafadhali mwambie."

Mkewe alimwambia. Fundi bomba alirudi jioni amechoka, kiu haimwishi, akaishika karatasi na kuisoma tena. Alisema hospitali hazikosi vituko, leo mzima kesho mgonjwa, na kesho alikuwa na mabomba ya kumalizia. Angekwenda Alhamisi. Jumatano mchana alianguka kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, na wenzake walipomfikisha hospitali hakuwa na fahamu. Jioni yake akafa.

*

Fundi saa alisikia habari kabla ya mkewe kufika nyumbani, maana mtu wa zamu alipita barazani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya hospitali, vyumba viwili na baraza. Upande mmoja wa baraza alikaa yeye na meza yake ya saa, upande wa pili binti yao alisuka nywele. Siku hizi wateja walikuwa wa upande wa binti. Watu wanatazama saa kwenye simu.

Karani aliketi kwenye kigoda cha wateja na kumweleza mumewe kila kitu, toka mstari wa chini mpaka mlango wa bluu. Alieleza bila kulia. Binti aliacha kusuka akasikiliza, na mteja wake naye akasikiliza, kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka.

"Nimekuelewa," fundi saa alisema. "Niliwahi kuwa na mteja mmoja, kondakta. Saa yake ilikuwa inakimbia robo saa. Alikuwa anajua, kila akiitazama anatoa robo saa kichwani. Siku moja aliniletea nibadilishe mkanda, mimi nikaona hisani, nikairekebisha na majira. Sikumwambia. Kesho yake kachelewa kazini, karibu anipige."

"Umeona? Ndivyo ilivyokuwa."

"Kosa lilikuwa langu," alisema fundi saa. "Saa yenyewe ilikuwa nzima."

"Basi, mzee wangu, hayo ndiyo nitakayowaambia."

Alikuwa na matumaini kweli. Usiku ule alilala vizuri kuliko alivyostahili, kama alivyojisema mwenyewe baadaye.

*

Kamati ilikaa Ijumaa asubuhi: Mkuu, afisa utumishi, na msimamizi wa maabara ambaye muda wote alitazama kucha zake. Karani alieleza. Akatoa mfano wa saa ya kondakta. Afisa utumishi alitabasamu akaandika kitu kifupi.

"Twende tukaione hiyo kompyuta," Mkuu alisema.

Wakaenda wote, wakamzunguka. Mkuu mwenyewe akakaa kwenye kiti chake, akashika kipanya, akalenga jina, akabonyeza. Likafunguka jina lilelile, majibu yakilingana na daftari la maabara. Akalenga jingine, nalo likafunguka. Alijaribu mara kumi, na kila mara aligeuza shingo kumtazama karani.

"Iko wapi hiyo shida?"

"Imeshapona, bosi. Ilipona Jumatatu alfajiri. Ndiyo shida yenyewe."

Muuguzi mmoja aliyekuwa anachungulia akashindwa kujizuia, akacheka. Msimamizi wa maabara naye akaziba mdomo. Karani alisikia uso unamwaka moto. Miaka ishirini na sita kazini, hajawahi kuchekwa kwa kusema kweli.

"Muulizeni fundi," alisema. "Waya anajua. Ndiye aliyeniambia nibonyeze wa chini."

Waya aliitwa. Alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani. Mkuu akamuuliza swali moja, na swali lenyewe lilikuwa limepangwa vizuri: "Siku ya Jumatatu, saa za kazi, kompyuta hii ilikuwa na hitilafu?"

Waya akamtazama Mkuu. "Siku ya Jumatatu, saa za kazi, ilikuwa inafanya kazi sawasawa."

"Asante. Unaweza kwenda."

"Waya!" karani aliita. "Mwanangu, si useme na yaliyobaki?"

Waya alikuwa ameshageuka. Baadaye alimvizia karani kwenye korido ya nyuma, karibu na mapipa ya taka, amelowa jasho. "Nisamehe, mama. Vioo vile alivichagua Mkuu mwenyewe. Nilimwambia programu haitavikubali, akasema nisimharibie sherehe. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na yeye ndiye anayesaini."

"Yule fundi bomba alikuwa na mabomba ya kumalizia," karani alisema.

Waya akaangalia chini. Alikuwa na aibu ya kweli, hilo tumpe, lakini hakurudi kwenye kile chumba.

*

Barua ililetwa nyumbani Jumamosi na afisa utumishi mwenyewe. Alikataa kiti. Alikuwa mtu wa heshima, aliamkia, akauliza habari za biashara ya saa, kisha akaeleza taratibu kana kwamba anasaidia.

"Mama, kuna njia mbili. Ya kwanza ni uzembe uliosababisha kifo. Hapo ni kufukuzwa, polisi, na nyumba hii mtaihama ndani ya siku kumi na nne. Ya pili ni afya. Unastaafu kwa sababu ya macho. Unapata stahili zako, mnakaa hapa mpaka mwisho wa mwaka, na hakuna anayekulaumu. Nani atamlaumu mgonjwa? Barua imeshaandikwa. Inataka saini tu."

Alipoondoka, fundi saa aliichukua ile karatasi akaisoma kwa sauti. Ilikuwa fupi. Ilisema mimi niliyetajwa jina hapo juu nakiri kwamba makosa ya Jumatatu yalitokana na udhaifu wa macho yangu, ambao nilikuwa nikiuficha kwa mwajiri kwa muda mrefu.

"Nikiuficha," karani alirudia. "Mimi nilikuwa nakaa na lenzi mbele ya watu wote."

"Usisaini," fundi saa alisema.

"Baba!" Binti aliweka chanuo chini. "Asisaini, halafu? Mama akae rumande? Hao watu watamleta nani aseme kweli, Waya? Nyie mnaongea kama tuna pa kwenda. Wateja wangu wananijua hapa barazani. Nikihama wiki mbili hizi naanza upya, na nyie nitawalisha na nini?"

"Mtu akisaini uongo, uongo unakuwa wake."

"Na asiposaini inakuwaje? Yule mtu atafufuka?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Karani alikuwa anafikiria jambo moja tu, nalo halikuwa nyumba wala polisi. Alifikiria kwamba barua ile ikishasainiwa, hakutakuwa tena na kosa lolote kwenye kompyuta wala kwa aliyeinunua. Kosa zima litakuwa ndani ya kichwa chake, nyuma ya miwani, na mtu mwingine atakaa kwenye kile kiti bila kujua.

Aliyasema hayo. Binti akaokota chanuo. Fundi saa akavua ile lenzi yake nyeusi, akaifuta na pindo la shati, akaitazama meza yake. Kulikuwa na saa tatu tu, na mbili kati ya hizo wenyewe hawajarudi mwaka wa pili huu. Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa kalamu, akamsogezea mkewe bila kumtazama usoni.

"Ningekuwa na kazi ya maana," alisema, "nisingekupa."

Karani akasaini. Mume aligeukia ukuta, na mkewe ndiye aliyembembeleza.

*

Jumatatu iliyofuata alikwenda kukabidhi kazi. Kwenye kiti chake alikaa karani mpya, msichana nadhifu mwenye kucha za rangi, ambaye aliinuka haraka na kumwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Pole sana na macho. Nimesikia."

"Marahaba. Hebu endelea, nikuone unavyofanya."

Msichana akapokea kikadi cha mgonjwa, akatafuta jina, akalipata. Kidole chake kikashuka mstari mmoja chini, kikabonyeza. Karani akasogea kwenye kioo.

"Kwa nini umebonyeza hapo?"

"Ah, hii kompyuta ina wazimu wake. Ile programu mpya iligoma kuchapa, basi fundi kairudisha ya zamani Ijumaa jioni. Kaniambia nibonyeze wa chini yake tu, mpaka apate nafasi."

Karani mzee alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kwa afisa utumishi, akasukuma mlango bila hodi. "Imerudi," alisema. "Ile shida imerudi. Njooni muione kwa macho yenu, iko pale sasa hivi!"

Afisa alikuwa na mgeni, mwanamke aliyeketi na kuupa mlango mgongo. Alimtazama karani kwa huruma, akafungua faili, akaigusa barua kwa ncha ya kalamu, pale kwenye saini.

"Mama, hili si tulishalimaliza? Wewe mwenyewe umeandika. Nenda kapumzike."

Alirudi dirishani. Hakuwa na la ziada ila kumwinamia msichana na kumnong'oneza: kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, abonyeze mahali patupu chini ya jina la mwisho kwenye orodha. Kikifunguka kitu, aendelee kama alivyofundishwa. Kisipofunguka kitu, asitoe karatasi hata moja kwa mtindo huo. Afanye hivyo kila siku, hata wakimcheka.

"Sawa mama," msichana alisema, akimpapasa mkono kwa upole. "Usijisumbue. Mimi naona vizuri."

Alitoka na mfuko wake wa vitu: kikombe, kanga ya kujifunikia wakati wa baridi, kalamu mbili. Getini sauti ikamwita. Alikuwa yule mgeni wa afisa utumishi, na karani alipogeuka alimkuta mwanamke wa mlango wa bluu, mjane wa fundi bomba.

"Dada, ngoja. Ndiyo wamenisomea barua yako sasa hivi."

Karani akafungua mdomo. Maneno yote alikuwa nayo, yamepangika, kioo na mstari na saa ya kondakta.

"Nilikuwa nimekulaani," mjane alisema. "Siku zote hizi nakulaani, nikifua nakulaani. Sikujua kumbe wewe ni mgonjwa. Ndiyo maana siku ile ulisimama mlangoni kwangu unapepesa macho, hujui hata uangalie wapi. Nikajiambia leo, huyu naye ni mja tu. Nimekusamehe. Nimekusamehe, na moyo wangu umepumua kidogo."

Alikuwa amekonda kwa siku chache zile, na shingo ya gauni ilimpwaya. Karani alimtazama, akaona kabisa kwamba ule msamaha ndicho kitu pekee mwanamke yule alichoondoka nacho hospitalini. Akafumba mdomo.

"Unavukaje barabara peke yako? Lete mkono."

Mjane akamshika mkono, akachukua na mfuko wake. Wakasimama ukingoni mwa lami. Lori lilikuwa linakuja toka mbali, na karani alizisoma namba zake zote kabla mjane hajalisikia.

"Ngoja, kuna gari. Haya, sasa. Taratibu. Hapo mbele kuna shimo, inua mguu."

Shimo lilikuwa pale, dogo, lina maji na kipande cha gazeti. Karani aliliona vizuri.

"Asante, dada," alisema, akainua mguu.